Jasusi Ndani ya Kompyuta ya Nyumbani: Anavyoingia na Namna ya Kumtoa

Frateri akirudi nyumbani likizo, pamoja na kuombwa aongoze sala za jioni na kuwafundisha wadogo zake hesabu, huombwa pia "aiangalie kompyuta". Familia nyingi huamini kwamba aliyekaa shuleni muda mrefu lazima anajua mashine. Kompyuta yenyewe mara nyingi ni moja tu, iko sebuleni, na inatumiwa na kila mtu: baba anaandika hesabu za duka, mama ambaye ni katibu wa jumuiya anatunza orodha ya wanajumuiya na michango yao, dada anajaza maombi ya mkopo wa chuo, na wadogo wanacheza michezo. Malalamiko yanayotufikia hufanana. Imekuwa nzito, matangazo yanajifungua yenyewe, au kuna mtu asiyejulikana ameingia kwenye barua pepe ya mama. Katika makala hii tunaeleza tatizo moja linaloweza kuwa nyuma ya malalamiko hayo, yaani programu za kijasusi. Tumeona kwamba familia nyingi zikishagundua tatizo huanza na hatua iliyopaswa kuwa ya mwisho, na kwa kufanya hivyo huongeza hasara.

Programu ya kijasusi ni programu inayokaa ndani ya kompyuta bila ridhaa ya wenyewe, ikikusanya habari zao na kuzipeleka kwa mtu mwingine, mara nyingi kwa njia ya intaneti. Watu huiita virusi, na si vibaya sana kuiita hivyo, lakini ipo tofauti inayofaa kuijua. Virusi vilivyozoeleka zamani vilifuta mafaili na kuharibu kazi za watu, hivyo vilijitangaza vyenyewe. Jasusi hana faida yoyote kompyuta ikiharibika. Anataka iendelee kufanya kazi vizuri ili mtu aendelee kuandika. Ndiyo maana kompyuta nyepesi isiyolalamikiwa na yeyote inaweza kuwa inapelelezwa, na kompyuta nzito inaweza kuwa imezeeka tu au imejaa mafaili. Wanafunzi wa mantiki wanalijua onyo hili: dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vingi, na asiyetofautisha atatibu ugonjwa usiokuwepo.

Zipo programu zinazonasa kila kitufe kinachobonyezwa, nyingine hupiga picha ya kioo kila baada ya muda fulani, na nyingine huwasha kamera au kipaza sauti. Lakini zinazowaumiza watu wengi miaka hii ni zile zinazofanya kazi dakika chache tu. Zikishaingia huchota nywila zote zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari, huchota pia vidakuzi, huzituma kwa mwenyewe, na pengine hujifuta. Kidakuzi ni alama ndogo ambayo tovuti huiacha kwenye kivinjari baada ya wewe kuingia, ili usiulizwe nywila kila mara. Kinafanana na kadi ya mgeni unayopewa getini: ukiwa nayo shingoni hakuna anayekuuliza tena. Mwizi akiinakili kadi hiyo anapita bila kuhitaji nywila, na mara nyingine hata wale waliojiwekea uthibitisho wa hatua mbili huingiliwa kwa njia hii.

Biashara hii ni kubwa. Mwezi Mei 2025 kampuni ya Microsoft, ikishirikiana na vyombo vya dola vya nchi kadhaa, ilivuruga mtandao wa programu moja ya aina hii iitwayo Lumma, ambayo wenyewe walikuwa wakiikodisha kwa wahalifu wengine kwa malipo. Kwa hesabu ya Microsoft, kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei mwaka huo kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 duniani zilikuwa zimeambukizwa. Aliyeiba nywila ya mama si lazima awe anamjua mama. Kwake yeye mama ni mstari mmoja katika orodha ndefu inayouzwa.

Sasa, anaingiaje? Katika visa vingi mlango hufunguliwa na mtu wa ndani, tena kwa mkono wake. Njia ambayo sisi tunaiona kuwa mbaya kuliko zote ni programu za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure: za kuandikia, za kuchorea, za kuhariri video za harusi na za kwaya. Maelekezo yanayokuja nazo mara nyingi huanza kwa kukutaka uzime kwanza kinga ya kompyuta. Mtu akikuambia, "Mfungie mbwa bandani ndipo niingie," ungemkaribisha? Hata hivyo watu huzima kinga, huweka programu, na huona imefanya kazi kweli. Kufanya kazi kwake ndiko kunakowatuliza. Hawafikirii kwamba aliyetumia muda wake kuvunja kufuli na kuigawa kazi hiyo bure anaweza kuwa na chanzo kingine cha mapato.

Kwa Mkristo hapa pana pia swali la amri ya saba. Tunajua utetezi unaotolewa, kwamba bei ni kubwa na wenye kampuni ni matajiri. Kuhusu bei ni kweli kabisa, hasa kwa familia inayohesabu bando la wiki. Lakini utetezi huo ungekuwa na uzito kama kusingekuwa na njia nyingine, na njia ipo. LibreOffice ni ya bure kihalali, inaandika barua na kupanga hesabu, na inafungua mafaili mengi ya Word na Excel. Kompyuta ya zamani inaweza kuwekewa Linux Mint au Ubuntu bila malipo na bila dhambi. Na jambo hili wengi hawalijui: kompyuta iliyonunuliwa ikiwa na Windows halali ya toleo la 10 au 11 huwa na leseni iliyofungamanishwa na mashine yenyewe. Ukiweka upya toleo lile lile kutoka kwa Microsoft, ikiunganishwa na intaneti huitambua leseni yake yenyewe. Kumbe familia inamlipa fundi "apige Windows" ya wizi katika kompyuta ambayo tayari ilikuwa na ya halali! Mafundi wengi ni watu waaminifu wanaotafuta riziki, lakini wapo wenye flashi moja iliyojaa programu zilizovunjwa, wanayoichomeka katika kila kompyuta ya mtaa.

Tukiwa kwenye flashi, tuitaje steshenari. Flashi ya nyumbani hupelekwa kuchapishia barua ya jumuiya, inachomekwa kwenye kompyuta iliyopokea flashi za mtaa mzima siku hiyo, kisha inarudi nyumbani. Ukiona mafaili yako yamegeuka kuwa vijipicha vya njia ya mkato, usiendelee kuvibonyeza. Ni afadhali kujitumia waraka kwa barua pepe kuliko kuzungusha flashi, ila basi usiingize nywila yako kwenye kompyuta ya steshenari. Umtumie mwenye duka waraka kutoka kwenye simu yako.

Watoto nao huleta wageni wao. Mtoto anatafuta njia ya kupata sarafu za bure kwenye mchezo, anapakua faili, na faili linafanya kazi nyingine. Upo pia mtego mpya ambao hata watu wazima huingia. Ukurasa unakuomba uthibitishe kwamba wewe si roboti, kisha unakutaka ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi R, ubandike maneno uliyonakiliwa bila kujua, halafu ubonyeze Enter. Hapo unakuwa umeiamuru kompyuta yako mwenyewe imlete jasusi. Hakuna ukurasa halali unaothibitisha watu kwa namna hiyo, na hili inafaa kila aliye nyumbani aambiwe. Kuhusu viendelezi vya kivinjari tuseme tu kwamba kila kiendelezi ambacho hakuna anayekumbuka alikiweka kwa nini, kiondolewe.

Tuje kwenye mpangilio. Kinachotokea mara nyingi ni hiki: mama anagundua kwamba mtu ameingia kwenye barua pepe yake, anashtuka, anakimbilia kompyuta ile ile na kubadili nywila. Nywila mpya inaandikwa mbele ya macho ya jasusi yule yule. Au fundi anaitwa, anasafisha, kila mtu anapumua, na hakuna anayefikiria kwamba nywila zilikwisha kuondoka wiki tatu zilizopita na bado zinafungua milango.

Kwanza, ikate kompyuta kwenye intaneti. Chomoa waya au zima Wi-Fi. Usihangaike kufuta kitu.

Pili, chukua kifaa kingine unachokiamini, kwa mfano simu ambayo haijawahi kuwekewa programu za kuokoteza, na ubadili nywila kutokea hapo. Anza na barua pepe, kwa sababu akaunti nyingine nyingi hurudishwa kupitia barua pepe. Anayeishika anaweza kuomba nywila mpya za kila kitu kingine. Katika kila akaunti tafuta pia mahali pa kuondoa vifaa vyote vilivyoingia, ili vile vidakuzi vilivyoibwa vipoteze nguvu. Watu huisahau hatua hii, na bila hiyo mwenye kadi ya mgeni anaendelea kutembea ndani ya uzio ingawa umebadili kufuli la geti. Kagua kama kuna mtu aliyeweka agizo la kupeleka nakala za barua zako kwenye anwani nyingine. Kama WhatsApp ilikuwa imefunguliwa kwenye kompyuta hiyo, fungua simu, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, na ukiondoe. Kisha weka uthibitisho wa hatua mbili. Kama uliwahi kuandika namba za benki au namba ya siri ya pesa za simu kwenye kompyuta hiyo, wapigie wahusika siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo tunarudi kwenye kompyuta. Windows 10 na 11 zina kinga yake ya ndani, Microsoft Defender, isiyodai malipo. Ndani ya Windows Security kuna chaguo la ukaguzi wa nje ya mtandao: kompyuta inajizima na kuwaka, kisha inajikagua kabla Windows yenyewe haijaanza, wakati jasusi bado hajaamka wa kuweza kujificha. Ukaguzi huo unachukua muda mfupi na unafaa kufanywa. Lakini kama nywila zimeibwa kweli, ushauri wetu ni kutoridhika na kusafisha. Nakili picha na nyaraka, usinakili programu, kisha futa kila kitu na uweke Windows upya. Kwa kazi hiyo unahitaji flashi tupu ya GB 8 au zaidi, iliyoandaliwa kwenye kompyuta safi kwa programu inayotolewa bure kwenye tovuti ya Microsoft. Ni kazi ya nusu siku, na bando litaumia. Tena, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anayefanya kazi hii sasa afikirie kuhamia toleo la 11 kama mashine inaruhusu, na kama hairuhusu, Linux.

Baada ya hapo fungua akaunti mbili au zaidi. Moja ni ya msimamizi, ambayo nywila yake wanaijua baba na mama tu. Nyingine ni za kawaida kwa matumizi ya kila siku, hata kwa baba na mama wenyewe. Anayetumia akaunti ya kawaida akijaribu kuweka programu inayotaka kugusa mfumo mzima, kompyuta itamdai nywila ya msimamizi, na mtoto atalazimika kumwita mzazi. Haizuii kila kitu, lakini inalazimisha mazungumzo.

Limebaki jambo gumu zaidi. Wakati mwingine aliyemweka jasusi anaishi humo humo ndani. Baba anataka kujua mama anaandikiana na nani, au mzazi anataka kusoma kila anachoandika binti yake. Wengine hununua hata kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa kibodi na kompyuta, ambacho hakuna antivirusi itakayokiona. Kinaonekana kwa kuinama tu na kuangalia nyuma ya mashine. Programu za kazi hii huuzwa waziwazi. Mwaka 2008 tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji, FTC, iliishitaki kampuni iliyouza programu iitwayo RemoteSpy, ambayo mnunuzi alifundishwa kuifunga ndani ya kitu kisicho na hatia, kama picha, na kumtumia mtu anayetaka kumpeleleza. Makubaliano ya mwaka 2010 yaliikataza kampuni hiyo kuwapa wateja njia za kuificha namna hiyo. Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila haki, na ndoa si kibali.

Kanisa nalo lina neno. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa inakataza kuvunja haki ya mtu yeyote ya kulinda faragha yake, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika Gaudium et spes, namba 26, unaitaja haki hiyo miongoni mwa zile zinazotokana na hadhi ya binadamu. Mume na mke wamekuwa mwili mmoja, ni kweli, lakini kila mmoja amebaki na dhamiri yake. Mke anaweza kuwa anamwandikia padre wake mlezi wa kiroho, au anatunza siri ya dada yake aliyemwamini. Anayesoma kwa kificho hamsomi mke tu, anawasoma na hao.

Kwa watoto jambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa mzazi ana wajibu halisi wa kulinda. Hatusemi mtoto wa miaka tisa aachiwe intaneti yote. Tunasema ulinzi uwe wa wazi: kompyuta ikae sebuleni, saa ziwekwe, vichujio viwekwe, na mtoto ajue vipo na kwa nini. Aristotle alifundisha kwamba tendo huwa la fadhila pale mtendaji anapojua anachofanya na kukichagua. Mtoto asiyejua kwamba anatazamwa hajifunzi kuchagua. Anakusanyiwa tu ushahidi. Akigundua, na watoto hugundua, atakachojifunza ni kujificha vizuri zaidi. Papa Fransisko katika Amoris laetitia, namba 260 hadi 262, aliwakumbusha wazazi kwamba kutaka kutawala kila kitu si malezi, na kwamba swali kubwa si mtoto yuko wapi kwa mwili, ni moyo wake unaelekea wapi.

Nia njema peke yake haitoshi kulinda mtu. Katika wilaya ya shule ya Lower Merion, Pennsylvania, wanafunzi walipewa kompyuta za kwenda nazo nyumbani, zikiwa na programu ya kuwasha kamera ili zitafutwe zikiibwa. Mwaka 2010 ilibainika kwamba maelfu ya picha zilikuwa zimepigwa bila wanafunzi kujua, nyingine wakiwa vyumbani mwao. Kesi ilimalizika kwa wilaya kukubali kulipa dola 610,000.

Kwa hiyo frateri, au yeyote aliyeombwa "kuangalia kompyuta", akikuta programu ya namna hii asikimbilie kuitangaza mezani wakati wa chakula. Azungumze faragha na anayepelelezwa. Kama kuna hofu ya kipigo au vitisho, asiifute kwanza, kwa maana aliyeiweka ataona kwamba imezimwa na anaweza kukasirika kabla hakujakuwa na msaada karibu. Mhusika atumie simu ya mtu mwingine kuwasiliana na ndugu anayeaminika, paroko, au dawati la jinsia la polisi. Sisi si polisi, na programu inaweza kubaki mahali pake siku mbili zaidi.

Turudi kwa mama katibu. Orodha ya jumuiya iliyokuwa kwenye kompyuta ile ina majina, namba za simu, nani ametoa kiasi gani, na pengine nani anaumwa nini, maana tumeandika nia za sala. Habari hizo si mali ya mama wala ya familia yake, na tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jambo la haki ni kumwarifu mwenyekiti wa jumuiya na paroko, kisha wanajumuiya waambiwe kwa maneno machache kwamba namba zao zinaweza kuwa zimefika mikononi mwa matapeli, na kwamba ujumbe wowote wa kuomba pesa kwa jina la mama uhakikishwe kwanza kwa kumpigia simu. Ni aibu kidogo kusema hivyo mbele ya watu, lakini mwanajumuiya mmoja akituma pesa kwa tapeli itakuwa vigumu zaidi. Baada ya hapo orodha itunzwe kwenye faili lenye nywila, habari za ugonjwa zibaki kwenye daftari, na ile nakala iliyosahaulika ndani ya flashi ya steshenari itafutwe na kufutwa.